Tambi za uyoga na rojo la korosho kwa sisi ambao homoni zimevurugika: nilivyopika jana, karibuni mezani

Binti Uluguru (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu niliuahidi kule kwenye mjadala wa siku za hedhi kuruka. Kuna dada amenidai mara tatu, leo nalipa deni.

Historia yangu naikata fupi. Nina miaka 31, naishi Morogoro. Tangu 2019 siku zangu zilikuwa zinakuja zinavyojisikia, mara miezi miwili, mara minne. Chunusi za kidevuni, na vindevu nilivyokuwa naving'oa kwa kibano alfajiri kabla mzee hajaamka. Nimekunywa chupa mbili za "kusafisha kizazi". Nimekunywa na ya "kuzibua mirija", wakati hakuna aliyewahi kupima akaniambia imeziba. Mwishowe nikapimwa inavyotakiwa, damu na ultrasaundi, jibu likaja PCOS, yaani ule mvurugiko wa homoni unaogusa ovari. Daktari wa kwanza alisema "punguza mwili" huku anaita mgonjwa anayefuata. Wa pili ndiye aliyechukua karatasi akanichorea.

Mchoro wenyewe ulikuwa hivi. Ukila wanga, sukari inapanda kwenye damu, kongosho linatoa insulini ili sukari iingie kwenye seli. Kwa wengi wetu wenye PCOS seli zimekuwa sugu, hazisikii, basi kongosho linazidi kumwaga insulini. Ile insulini nyingi ikifika kwenye ovari inazichochea zitengeneze testosteroni kupita kiasi. Na kwenye ini inapunguza protini ambayo kazi yake ni kuishika testosteroni isizurure mwilini. Matokeo yake ndiyo hivyo vindevu, na yai kushindwa kupevuka na kutoka kwa wakati.

Niliporudi nyumbani na karatasi yangu nikafanya ujinga: nikaacha wanga wote. Wiki tatu ni mayai, matango, na hasira. Wiki ya nne nilikula sufuria la wali wa nazi nimesimama jikoni, usiku, taa nimezima ili hata mimi mwenyewe nisijione. Kwa hiyo wale wanaokuja hapa na "kata wanga kabisa dada", nawaheshimu, ila huko nimeshafika na nimerudi.

Ninachofanya sasa ni kubadilisha nani mwenye sahani. Zamani tambi zilikuwa mwenye nyumba na mboga mgeni. Sasa uyoga ndiye mwenye nyumba.

Jana tulikula watatu: mimi, mzee, na mtoto wa miaka saba.

Uyoga mamama (oyster) nusu kilo. Tambi ndefu gramu 200 tu (pakiti ya nusu kilo, chini ya nusu yake). Korosho mbichi, yaani zisizokaangwa, nusu kikombe. Kifua kimoja cha kuku kilichobaki mchana, nimekichambua. Fungu la mchicha. Kitunguu maji kimoja, punje nne za kitunguu saumu, mafuta ya alizeti vijiko viwili, ndimu, pilipili manga, chumvi.

Korosho loweka kwenye maji ya moto kabla hujagusa kitu kingine. Nusu saa inatosha. Kisha saga kwenye blenda na kikombe kimoja cha maji mapya mpaka ukipitisha kidole husikii chenga. Hiyo ndiyo krimu yako. Mezani kwangu kila mtu aliyekula alidhani nimetia maziwa.

Sasa uyoga, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu ndipo watu wengi wanapoharibu halafu wanasema uyoga unateleza kama konokono. Usiuloweke. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, kata kile kikonyo kigumu cha chini, halafu chana kwa mkono kufuata mistari yake, vipande vyembamba kama unachambua kuku. Kikaango kipana, moto mkali, kikavu, bila mafuta, bila chumvi. Tandaza. Usijaze, kama kikaango ni kidogo, pika kwa awamu mbili. Utaanza kutoa maji na kikaango kitalia kama kinachemka. Mwache. Usikoroge kila sekunde kama unapika uji. Maji yakikauka sauti inabadilika, inakuwa ya kukaanga, na harufu inageuka kuwa ya nyama choma kwa mbali. Ukiona kingo zimekuwa kahawia ndipo unaweka mafuta, kitunguu maji, na mwisho saumu na chumvi.

Nusu kilo itasinyaa mpaka uone umeibiwa. Hujaibiwa, mengi yalikuwa maji.

Tambi chemsha kwenye maji ya chumvi, zitoe dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ziwe na kiini kigumu kidogo ukiuma. Kabla ya kuchuja, teka kikombe cha yale maji meupe, weka pembeni. MSIYAMWAGE.

Punguza moto, mimina krimu ya korosho kwenye uyoga. Itaganda haraka kuliko unavyofikiri, ndiyo maana una kile kikombe. Ongeza maji ya tambi kidogo kidogo mpaka rojo liwe la kuvaa kijiko. Tia kuku, tia mchicha uliokatwa, geuza mara mbili, ingiza tambi, zima jiko. Ndimu kamulia moto ukiwa umezimwa. Pilipili manga kwa wingi.

Mimi nakula sahani moja, tunatoka kutembea mpaka kwenye kona ya duka na kurudi. Sina mizani ya kupima homoni jikoni. Nina daftari la siku zangu, na nina metformini niliyoandikiwa, dawa ya kusaidia mwili uisikie insulini, sijaiacha. Siwaambii tambi zinatibu. Nawaambia nimepata chakula cha jioni ambacho sihitaji kukificha.

Karibuni, na wenye kupinga pia.

---

Mpishi Mzembe

Uzi bila picha ni kesi isiyo na ushahidi.

---

Binti Uluguru

Mkuu, chakula kilikuwa cha rangi ya udongo na taa ya jikoni ni ya njano. Ningepiga picha msingekula wiki nzima.

---

Mwenye Deni

Ni mimi niliyekuwa nakudai. Asante mpenzi. Swali: nasikia wenye PCOS hatutakiwi kula ngano kabisa wala maziwa kabisa. Nimetoa vyote mwezi wa pili sasa, na sijui nile nini. Na korosho si zinanenepesha?

---

Nesi wa Zamu

Dada Mwenye Deni, nijibu mimi kidogo, niko mapumziko.

Kuna mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023, umeongozwa na Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Kuhusu chakula unasema wazi kwamba hakuna mlo mmoja uliothibitika kuwa bora kuliko mingine kwa PCOS. Unasisitiza ulaji bora wa kawaida, ambao mtu anaweza kuuendeleza. Haujaandika "acheni ngano", haujaandika "acheni maziwa". Kama ukinywa maziwa tumbo linajaa gesi, hiyo ni habari ya tumbo lako. Kama una ugonjwa wa kutovumilia gluteni uliopimwa, ni sawa, acha ngano. Vinginevyo unajinyima bure.

Tambi zenyewe zimesingiziwa. Kwa kawaida zinatengenezwa kwa ngano ngumu, na umbo lake limeshikamana kiasi kwamba tumbo linazivunja polepole. Kwenye kipimo cha kasi ya kupandisha sukari, ambapo glukosi ni 100, tambi huwa karibu 50, mkate mweupe karibu 75. Ukizipika mpaka zikawa uji hiyo faida inapungua, ndiyo maana kile "kiini kigumu" cha mwanzisha uzi si madoido. Ila kipimo hicho hakikuruhusu ule beseni. Kiasi kina uzito kuliko namba.

Korosho: ile nusu kikombe, karibu gramu 70, ina karibu kalori 390, zikigawanywa kwa watu watatu. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni yale mazuri kwa moyo. Zinashibisha. Tatizo la korosho ni zile unazokula kwenye basi kutoka Mtwara, hazihesabiki.

---

Bi Mkubwa wa Tanga

Wanangu hamjambo. Mimi tambi nazijua kwa sukari, tui, iliki na zabibu, tena mwezi wa Ramadhani. Nimesoma hapa tambi na uyoga na ndimu nikasema dunia imefika ukingoni.

Lakini nauliza, kwa nini msitie tui la nazi? Hizo korosho ni gharama na blenda wengine hatuna.

---

Binti Uluguru

Shikamoo mama.

Tui linafaa kabisa kwa ladha, na nimelipika. Nililiacha kwa sababu mbili. Mafuta ya nazi mengi ni ya ile aina inayopandisha kolesteroli, na sisi wenye PCOS tayari tuko kwenye hatari zaidi ya kisukari na mafuta kwenye damu, kwa hiyo tui bubu sitii kila wiki. Ya pili ni kwamba nazi inaongea sana. Uyoga ni mpole, ukimweka na nazi hasikiki.

Kwa asiye na blenda: chukua mtindi mzito usio na sukari, vijiko vitano au sita, uache nje ya friji upungue ukali wa baridi, uchanganye na maji ya tambi kidogo pembeni, halafu utie jiko LIKIWA LIMEZIMWA. Ukiutia kwenye moto unakatika vipande kama maziwa yaliyolala. Na ukitumia mtindi, ndimu usiweke.

---

Bi Mkubwa wa Tanga

Marahaba. Kinu ninacho, korosho nitatwanga.

---

Tiba Asili Original

Habari njema kwa akina mama! Uyoga unazuia estrojeni, unayeyusha uvimbe, unabeba mimba ndani ya siku 21. Tuna unga wa uyoga maalumu pamoja na...

*(sehemu ya ujumbe huu imeondolewa na wasimamizi)*

---

Nesi wa Zamu

Nilijua atakuja.

Wakuu, pale kuna punje ya ukweli iliyozikwa kwenye gunia la pumba, tuichomoe. Miaka ya 2000 watafiti huko Marekani walijaribu dondoo la uyoga mweupe, ule wa vifungo, wakaona linapunguza kazi ya aromatase, kimeng'enyo kinachobadilisha testosteroni kuwa estrojeni. Majaribio hayo yalikuwa kwenye seli za maabara na kwenye panya. Kutoka panya mpaka sahani yako ya tambi ni safari ndefu, na kutoka sahani mpaka "mimba siku 21" hakuna barabara.

Halafu mfikirie kidogo: kwenye PCOS shida mojawapo ni testosteroni kuwa nyingi. Kitu kinachozuia isigeuzwe, hata kingefanya kazi, kwa nini nikikimbilie?

Uyoga mle kwa sababu una protini kidogo, nyuzinyuzi, seleniamu, vitamini za kundi B, na unajaza sahani bila kupandisha sukari. Hizo sababu zinatosha.

Na wewe mwanzisha uzi, unatumia metformini. Kwa muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12. Uyoga usiutegemee kwa hiyo, hauna ya kutosha. Kuku, mayai, samaki, maini. Omba upimwe.

---

Binti Uluguru

B12 sikuwa nimeambiwa. Naandika.

---

Mamama na Pumba

Mkulima wa uyoga niko hapa, Kibaha. Nimefurahi leo tunaongelewa kwa heshima.

Nawapa siri za kununua. Mamama mzuri kingo zake zimeinama chini kidogo, kama mwavuli ambao haujafunguka wote. Ukiona zimepinda juu na kupasuka, umechelewa kuvunwa. Ukigusa uwe mkavu. Ukiteleza au ukiwa na harufu ya samaki, mrudishie mwenyewe. Mfuko wa nailoni unaufanya utoke jasho na kuoza. Ukifika nyumbani hamishia kwenye karatasi, weka friji, upike ndani ya siku mbili tatu.

Jambo jingine ambalo wateja hawaliamini. Uyoga wetu unakua ndani ya banda lenye giza, juu ya majani ya mpunga au takataka za pamba, kwa hiyo hauna vitamini D ya maana. Lakini una malighafi yake. Ukiupanga juani saa sita au saa saba, upande wa matamvua (ule wa chini) ukitazama juu, nusu saa mpaka saa moja, mwanga wa jua unaitengeneza humo humo. Ukipika bado ipo kwa sehemu kubwa. Mimi zamani nilikuwa nawakataza watu kuanika, kumbe nilikuwa nawaonea.

---

Kijana wa Mafinga

Mnahangaika na wa bandani wakati sisi masika yakianza mama anaingia msituni anarudi na kapu. Ule wa kichuguu haushindwi na kuku. Hiyo pishi naweza kutumia wa porini?

---

Mamama na Pumba

Kama mama yako ndiye aliyeuchuma na amekuwa akiuchuma huo huo tangu utoto wake, mle. Kama ni wewe uliyeingia na simu kulinganisha picha, hapana. Kuna uyoga ambao sumu yake haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga wala kuanika, na dalili zinaweza kuchelewa mpaka ini limeshaharibika. Ile ya kutia kitunguu au sarafu ya fedha uone kama inabadilika rangi ni hadithi, isikuueni.

---

Mpishi Mzembe

Nimerudi. Nimepika. Mke wangu ana shida hii ya siku kuruka na mimi ndiye niliyemfungulia uzi asome, akaniambia "basi pika wewe".

Mrejesho: maji ya tambi niliyamwaga.

---

Binti Uluguru

😂😂 Niliandika kwa herufi kubwa mkuu!

---

Mpishi Mzembe

Nilikuwa nimeshika chujio mkono mmoja na simu mkono mwingine. Rojo likaganda kama ugali wa korosho. Nikaongeza maji ya bombani, likalegea ila likawa linajitenga, tambi huku, rojo kule, hawasalimiani. Wife amekula. Amesema ni chakula cha mtu aliyejitahidi.

Ila swali la maana: yeye hana unene kabisa, kilo 54, na anaambiwa PCOS ni ya wanene. Inawezekana?

---

Nesi wa Zamu

Inawezekana sana. Wembamba wanaipata, na mara nyingi wanacheleweshwa kwa sababu hakuna anayewashuku. Utambuzi kwa mtu mzima hauangalii kilo, unaangalia mambo matatu: siku zisizo na mpangilio, dalili au kipimo cha homoni za kiume kuwa juu, na ovari kuonekana na vifuko vingi kwenye ultrasaundi. Mawili kati ya matatu, baada ya kuondoa magonjwa mengine. Hapo kwenye "kuondoa mengine" ndipo apimwe tezi ya shingo kwa kipimo cha TSH, na prolaktini (homoni ya maziwa), na kipimo cha mimba kwanza kabisa, tusicheke. Tezi ikilala, yaani ikifanya kazi kidogo, siku zinaruka vile vile na mtu anatibiwa PCOS asiyo nayo.

Kwa wanene, kupungua hata asilimia 5 mpaka 10 ya uzito kunaweza kurudisha mpangilio. Kwa shemeji yetu wa kilo 54 ushauri huo haumhusu, asije akaanza kufunga kula.

---

Mpishi Mzembe

Asante nesi. Wiki ijayo tunakwenda.

---

Nipo Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nina tezi iliyolala, natumia levothairoksini. Uyoga unanidhuru?

---

Nesi wa Zamu

Chakula hiki cha jioni hakikudhuru. Kilicho muhimu ni dawa yako uimeze tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai ya asubuhi. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu vipe nafasi ya saa nne. Wengi wanalaumu sukumawiki na kabichi wakati dawa wanaimeza na chai ya maziwa.

---

Nipo Likoni

Umeniona. Ni chai ya maziwa kweli.

---

Kijana wa Mafinga

Na kiporo chake je? Bachela napika mara moja nakula siku mbili.

---

Binti Uluguru

Kiporo ni kizuri. Wanga wa tambi ukipoa kwenye friji, sehemu yake inageuka kuwa ngumu kusagwa tumboni na sukari inapanda polepole zaidi, hata ukipasha tena. Usitarajie muujiza, ni tofauti ndogo. Ukipasha, rojo litakuwa limekauka, ongeza maji vijiko viwili, moto mdogo. Na kisilale nje usiku kucha, kuna kuku mle ndani.

---

Bi Mkubwa wa Tanga

Nimetwanga korosho. Nimetia na iliki moja, msiniseme. Mjukuu amelamba sahani.

---

Mwenye Deni

Mrejesho wangu nauleta usiku huu huu kabla sijasahau.

Nimepika bila kuku kwa sababu kuku hakuwepo, nikaweka maharage meupe ya jana. Maji ya tambi niliteka vikombe viwili kwa woga. Uyoga niliuacha ukalia mpaka ukawa kahawia, mikono niliificha nyuma nisiukoroge. Ngano nimekula baada ya mwezi na zaidi, nikasubiri kuumwa, sijaumwa.

Sasa shida. Mama mkwe alikuja bila taarifa, yeye na uyoga hawapatani tangu enzi. Akaonja, akasema, "Hii nyama imepikwa vizuri, ya nini?" Mume wangu akaniangalia. Nikasema kuku wa kienyeji.

Ameomba nimfungashie. Keshokutwa anarudi na kuku wake mzima nimpikie hivyo hivyo.

---

Binti Uluguru

Mchane huyo kuku vipande vyembamba, uombe Mungu taa iwe ya njano.